Ufunguo Uliobaki Msumarini

Nyumbani, 9 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la shemeji yako, ambalo anadai linajua mvua kabla ya redio. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ukiipokea unakohoa tu na kusema tutaona, na jambo hili haliwezi kungoja tutaona.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka ofisi ya hali ya hewa, kijana, miwani mikubwa, ramani ndefu kwapani kama mkeka. Mtaa mzima sasa unamwita Bibi Ramani. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaweka mkasi upande mmoja na pasi upande wa pili isijikunje, akatuonyesha mstari mwekundu. Anasema dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari, kwamba mvua za milimani siku hizi zinakuja kwa mkupuo, na kwamba mto utavuka hadi pale kwenye mstari. Hakusema mwaka gani. Alisema tu hautachelewa. Nyumba kumi na mbili ziko ndani ya mstari huo. Yetu ni ya nne kutoka mtoni.

Wanatoa viwanja kilimani, nyuma ya shule, kwa kila atakayetia sahihi kabla ya mwisho wa Machi. Nyumba, kama unavyojua, Baba aliiandika kwa jina lako, na hakuibadilisha hata baada ya wewe kuondoka, kwa sababu kuibadilisha kungekuwa kukubali kwamba hutarudi. Kwa hiyo sahihi inayotakiwa ni yako, kwa wino, wala si picha ya simu. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Ni ukurasa mmoja. Weka sahihi pale nilipotia alama ya chaki.

Mimi nataka kuhama, Kaka. Nasema mapema usije ukadhani nimesukumwa na mtu.

Mdogo wako,
Sindano

*

Ghorofa ya nne, 2 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako imenikuta dirishani, mahali ninapokaa siku nzima tangu nistaafu. Miaka ishirini na sita nilipanga vitabu vya watu kwenye rafu za maktaba, sasa navisoma. Mwambie shemeji goti lake nalitambua, langu ni ndugu yake.

Fomu sijaitia sahihi, na sitaitia. Nisikilize kwanza, kisha nuna.

Habari hii ya dunia kupata joto kwa sababu ya binadamu nimeisoma pande zote mbili. Hali ya hewa ilibadilika kabla ya babu zetu kuwasha moto wa kwanza. Jangwa lilikuwa msitu, bahari ilikuwa barafu, na hapakuwa na gari hata moja. Leo mtu anachora mstari mwekundu, na mstari unapita, kwa bahati ya ajabu, kwenye ardhi bora ya mtaa, ile yenye udongo mweusi. Subiri uone nani atajenga hapo mkishahama.

Unajua kwa nini naishi huku. Ripoti yenye mihuri mitatu, iliyoandikwa na wataalamu, ilisema nimeficha silaha ndani ya kile kisanduku cheupe cha vipimajoto pale kituo cha hali ya hewa. Kisanduku ambacho hakingetosha hata jozi ya viatu. Usiku ule ule nilivuka mpaka, na sasa ni mwaka wa thelathini na nane. Mtu aliyefukuzwa na karatasi haamini karatasi.

Na hizo namba za Bibi Ramani, za miaka ya zamani anazolinganisha na za leo, nani aliziandika? Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kituo kile kwa miaka tisa. Nazijua namba zile kuliko yeye na ofisi yake yote. Nakuambia usihame kwa ajili ya namba zile.

Nyumba ya Baba isiguswe.

Kaka yako

*

Nyumbani, 24 Februari

Kaka,

Barua yako sikuwahi kuificha. Shemeji yako aliichukua akaenda nayo karakanani kwake, akaisoma kwa sauti, mguu mmoja juu ya baiskeli ya mteja. Watu walijaa mpaka barabarani. Alipofika penye jozi ya viatu walicheka hadi mwenye duka la jirani akatoka kuuliza kuna nini. Alipofika penye "mimi ndiye niliyekuwa msomaji" mzee wa nyumba ya pili alisema, basi, mwenye namba zake keshasema. Kati ya nyumba kumi na mbili, moja tu imetia sahihi, ya yule mwalimu ambaye hata hivyo alikuwa anahama.

Nimemwuliza Bibi Ramani habari za ardhi bora. Hakukasirika. Alisema ramani inakataza mtu yeyote kujenga hapo, hata serikali, na akanionyesha kifungu. Shemeji yako akamwuliza kama kifungu kinaelea. Watu wakacheka tena. Yule dada alikunja ramani yake taratibu.

Mimi sijui mambo ya barafu na jangwa. Najua kwamba ulipoondoka, mto katika mwezi mbaya kabisa uligusa ngazi ya kwanza ya kufulia. Mwaka juzi uligusa ya tatu. Mwaka jana ya tano. Ngazi zenyewe ni saba. Na joto la kiwanda changu, yaani kile chumba cha mbele, ni kwamba chaki ya kushonea inashikana na vidole kufikia saa nne asubuhi.

Nina swali moja, na naomba ulijibu kama kaka, usilijibu kama vitabu. Uliposema unazijua namba zile, ulimaanisha nini?

Sindano

*

Ghorofa ya nne, 16 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii usimsomee mtu. Wala shemeji.

Umeniuliza kama kaka, nami nimekaa na swali lako siku tano, nikifungua kalamu na kuifunga. Nitajibu mara moja, nisije nikapamba.

Namba zile nilizitunga.

Si zote. Karibu miaka minane ya mwanzo nilikuwa mwaminifu kama saa ya ukutani. Unakumbuka: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, nachukua ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, nakwenda kituoni, nasoma joto, napima maji ya chupa ya mvua, nateremka kuangalia ubao wa kupimia kina pale mtoni. Naandika kwa penseli katika daftari. Mwisho wa mwezi nanakili kwa wino kwenye fomu, fomu inakwenda makao makuu. Baba alikuwa akisimama mlangoni kunitazama nikipita na lile daftari, kana kwamba mwanawe ni hakimu.

Kisha ikaja mikutano ya siasa, na vile vikaratasi tulivyochapa kwenye ghala. Miezi kumi na minne ya mwisho, zaidi ya nusu ya siku, sikukanyaga kituoni. Nikirudi jioni nilikaa kitandani na penseli. Jana ilikuwa ishirini na saba, leo tuseme ishirini na saba na nusu. Mvua? Udongo umelowa kidogo, tuseme milimita sita. Nilikuwa hodari. Makao makuu waliwahi kunisifu kwa barua.

Siku ya kukimbia nilichukua shati moja na daftari la mwaka ule. Nilidhani litanitetea. Halikunitetea, liko hapa rafuni, na sijalifungua kwa macho ya kweli hata mara moja, kwa sababu najua lina nini.

Sasa unaelewa. Wanasema joto limepanda toka siku zile hadi leo. Kutoka wapi? Kutoka kitandani kwangu. Wakisema mto haukuwa ukipanda hivi, ni mimi niliyeamua usipande, kwa sababu sikutaka kushuka ngazi na viatu safi. Kila ninaposoma kitabu cha mtu anayewapinga wataalamu, moyo wangu unatulia, kwa sababu angalau mtu mmoja duniani anashuku ninachokijua. Kama kituo kimoja kilikuwa na mtu kama mimi, vingine vilikuwa na nani?

Ndiyo maana nakukataza kuhama. Si ukaidi. Sitaki uache kaburi la Mama kwa ajili ya uongo wangu.

Nisamehe, na uchome barua hii.

Kaka yako

*

Nyumbani, 3 Aprili

Kaka,

Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Na mimi nilikuwa na langu. Nililifunga vizuri nikadhani nitakwenda nalo kaburini, kwa heshima yako. Naona sasa heshima ile ilikuwa na sumu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne, nimetolewa shule, najifunza kushona kwa Shangazi. Asubuhi nilikuwa nachelewa kutoka kwa sababu ya vyombo. Siku moja saa tatu ilifika nikaona ufunguo uko msumarini. Nikangoja. Ikapita. Nikasema moyoni, Kaka anaumwa au ana jambo, na Baba akipita akauona ufunguo huu, nyumba itawaka moto. Nikauchukua nikaenda. Ulikuwa umenifundisha wewe mwenyewe kusoma zile glasi za vipimajoto, ukinibeba, nilipokuwa mdogo, labda umesahau. Nikaandika namba kwa chaki ya kushonea kwenye upindo wa gauni langu, nisizisahau.

Jioni nikakuona kitandani unaandika. Nilidhani utaniuliza. Hukuniuliza. Ulipotoka nikafungua daftari, nikaona umeandika yako. Nikafuta kwa mpira, nikaandika za kwenye gauni.

Ikawa hivyo kila siku ambayo ufunguo ulibaki msumarini. Saa tatu na saa tisa. Shangazi alinichapa kwa kuzurura. Mwisho wa mwezi ulinakili kwa wino namba zangu, na hukugundua, kwa sababu mtu hashiki kichwani uongo alioutunga bila kuujali. Kwa nini sikusema? Ungeacha kunitazama usoni. Na Baba alikuwa anasimama pale mlangoni.

Kwa hiyo namba zile hazikutoka kitandani kwako, Kaka. Zilitoka kituoni. Hukunikumbuka ulipokuwa ukihesabu waongo wa dunia.

Nilimwuliza Bibi Ramani, bila kutaja jina, ingekuwaje kama msomaji mmoja wa zamani alidanganya. Akasema daftari zima la kituo chetu likitupwa mtoni, mamia ya vituo vingine bado yanasema jambo lile lile, na kwamba namba za msomaji mvivu huwa zinajulikana, zinakuwa laini mno. Za kwetu, akasema, ni kati ya safi kabisa. Nilitaka kumwambia ni nani aliyezisoma.

Fungua daftari. Tarakimu zako za saba hukuzikata kwa mstari kiunoni. Zangu nilizikata, na bado nazikata.

Kwa kuwa wengi hawajatia sahihi, wameongeza muda hadi mwisho wa Aprili. Fomu nyingine imo ndani. Mto uko ngazi ya nne na mvua kubwa hazijaanza. Fanya haraka.

Sindano

*

Ghorofa ya nne, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimelifungua.

Nililipeleka dirishani, mchana, nikavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Karatasi imechubuka pale mpira ulipopita. Nikiinamisha ukurasa naona chini yake vivuli vya namba zangu, ishirini na saba, ishirini na saba na nusu, na juu yake zako. Siku moja ya Novemba niliandika milimita sita. Wewe uliandika arobaini na moja. Saba zimekatwa kiunoni, zimesimama kama watoto waliovaa mikanda. Nimezihesabu mia mbili na tatu, kisha sikuweza kuendelea.

Miaka thelathini na nane daftari hili lilikuwa umbali wa mkono kutoka kitandani.

Nimefikiri sana jambo hili, na sina la kujitetea. Nilidhani nilikuwa nawashuku wataalamu. Nilikuwa najishuku mwenyewe, halafu nikauvuta uongo wangu mdogo ukafunika dunia nzima, kwa sababu ndani ya dunia ya waongo mimi si kitu cha ajabu. Hata hatia ina majivuno yake. Sikuwahi kufikiri kwamba siku nisiyokuwapo, joto lilikuwapo, na mtu wa kulisoma alikuwapo.

Fomu ninaituma imetiwa sahihi, kwa wino, kwa njia ya haraka. Hamia kilimani. Kaburi la Mama mwachie Mama, yeye hawezi kufa mara mbili.

Ndani kuna barua ya pili. Hiyo mpe shemeji aisome karakanani, na mguu wake juu ya baiskeli. Nimeeleza humo kila kitu, kitanda na penseli, na kwamba namba ni za kweli kwa sababu yako. Walionisikiliza nikiwadanganya wanisikilize nikisema kweli. Nyumba zote kumi na moja zitie sahihi. Bado kuna siku tisa.

Najua posta, hata ya haraka, inachukua wiki mbili. Ninaandika "siku tisa" kama mtu anayeandika milimita sita.

Nitapiga simu kila siku mpaka upokee.

Kaka yako

*

Darasa la tano, shule ya kilimani, 12 Mei

Kaka,

Simu zako sikuzipata. Simu yangu ilikuwa ndani ya droo ya cherehani, imezimwa tangu nilipokuandikia, nikingoja wino wako.

Bahasha yako nimeichukua posta jana kwa mguu, kwa sababu hakuna anayeleta barua mtaani kwetu. Fomu nimeiona. Sahihi yako imebadilika, inaegemea kushoto kama mzee.

Yalitokea tarehe ishirini na sita Aprili, saa nne asubuhi, jua linawaka. Hapa hapakunyesha tone. Mvua ilikuwa huko milimani. Bibi Ramani alipita saa mbili na kipaza sauti, anatuambia tutoke. Watu walitazama juu, wakaona bluu tupu, wakamwuliza kama maji yatatoka mfukoni mwake. Mzee wa nyumba ya pili akamjibu kwa maneno yako. Aliyajua kwa moyo.

Yule dada hakuondoka. Alikwenda mlango kwa mlango bila kipaza sauti, analia na kugonga.

Maji yalipofika yalikuwa na sauti ya malori. Shemeji yako alimbeba yule mzee mgongoni, goti lake lile, hadi kwenye ngazi za shule. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilisema, cherehani yangu. Nilisema tu, kama mtu anavyosema. Akanitazama, akasema kwa cheko, "Sindano bila cherehani ni mwiba tu," akateremka.

Walimpata siku ya tatu kwenye waya wa uzio wa kituo chako. Tumemzika huku juu. Walikufa watatu mtaani, yeye na wale mapacha wazee wa nyumba ya kwanza waliokataa kufungua mlango.

Barua yako ya karakanani niliisoma jana jioni humu darasani, kwa kuwa karakana haipo na msomaji wake hayupo. Nilisimama mbele ya ubao kama mwalimu. Hakuna aliyecheka penye kitanda na penseli. Nilipomaliza, mzee wa nyumba ya pili aliomba nimwonyeshe karatasi, akaishika muda mrefu ingawa hajui kusoma, akanirudishia. Wengine walilala kuelekea ukutani.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikukasirikii. Nimeifuta sentensi hiyo kwa mpira, ukiinamisha karatasi utaiona. Nakukasirikia, Kaka. Nakukasirikia na najikasirikia. Ningekuambia miaka thelathini iliyopita, ungekuwa mtu mwingine huko dirishani kwako, na barua yako ya Februari ingekuwa nyingine. Wewe ulificha usiku wako, mimi nikaficha asubuhi zangu, na kati yetu sote wawili hakuna aliyemwambia mwenye goti.

Usije. Najua utataka kuja. Bado kidogo.

Nifanyie hili. Makao makuu yao, kule mto unakoteremkia, yamelowa, na fomu za wino za mwaka ule zimekuwa uji. Bibi Ramani anasema hakuna nakala nyingine popote. Ipo moja, iko rafuni kwako. Itume. Usifute kitu, wala vivuli vyako. Waone zote mbili.

Wameweka kisanduku kipya huku kilimani, na chupa ya mvua, na darubini ya kuutazama ubao wa zamani wa mto kutoka nyuma ya darasa. Walikuwa wanatafuta msomaji. Nimewaambia ninayo kazi hiyo tayari, nilikuwa likizo tu. Ukuta wa darasa hauna msumari, kwa hiyo ufunguo nimeuvaa shingoni.

Leo, saa tatu asubuhi. Joto, digrii ishirini na tisa nukta saba. Mvua, hakuna. Kina cha mto, ubao hauonekani, maji bado yako juu yake.

Aliyesoma ni mimi. Nilikuwapo.

Sindano